Kamba au Mwongozaji: Kuisoma Bima ya Safari kwa Jicho la Mhakiki

Anayekwenda kuomba viza ya Schengen, Dar es Salaam au Nairobi, hubeba bahasha nene: barua ya mwajiri, taarifa za benki, tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa hoteli, na karatasi moja ya bima ya safari. Katika karatasi zote hizo, ya bima ndiyo isiyosomwa. Mwombaji hutazama kama jina lake limeandikwa sawasawa na kama tarehe zinalingana na tiketi, basi, bahasha inafungwa. Watu waliokaa miaka minne sekondari wakichambua fani na maudhui ya tamthilia, wanaoweza kukueleza nani mhusika bapa na nani mhusika duara, hutia saini mkataba unaohusu uhai wao bila kujiuliza swali la kwanza kabisa la darasani: hapa anayesema ni nani, na anamwambia nani?

Wengi huamua kukata au kutokata bima kwa kutazama ada na kiwango cha fidia, yaani kwa maudhui. Mimi naona fani ya hati husema mapema zaidi, na kwa ukweli zaidi, kama bima ni ya kununuliwa ama ya kuachwa.

Tuanze na karatasi ya viza. Ina jina, nambari ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kwisha, kisha sentensi chache nzito: bima inatumika katika nchi zote za Schengen, kiwango chake hakipungui yuro 30,000, na inagharamia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Ukizisoma peke yake utadhani ni ahadi kwa msafiri. Zisome pembeni ya kifungu cha 15 cha Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, na utaona zimefuata nyayo zake hatua kwa hatua. Msafiri hasemeshwi popote. Yumo kama nafsi ya tatu, "mwenye bima", anayesemewa mbele ya mtu mwingine. Hadhira ya matini hii ni ofisa wa viza, na ofisa huyo akishaweka tiki yake, kazi kubwa ya karatasi imekwisha.

Hata tarakimu yake ina umri. Yuro 30,000 ziliwekwa na uamuzi wa Baraza la Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika mwaka 2004, zikahamishiwa kwenye Kanuni ya 2009, na hadi leo zipo palepale. Gharama za vyumba vya wagonjwa mahututi hazikukaa palepale. Sisemi cheti ni cha bure. Nyuma yake kuna mkataba mzima unaofunga kisheria. Nasema mnunuzi anayemuuliza wakala "hii inakubalika ubalozini?" amegusa suala la hadhira bila kujijua, na "ndiyo" atakayojibiwa haimwambii chochote kuhusu siku atakapovunjika mguu Brussels.

Mfano wa karibu zaidi uko Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje anayeingia visiwani hulazimika kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani, hata kama amekuja na bima nyingine aliyokata kwao. Wakazi wa Tanzania hawahusiki. Hujaza fomu mtandaoni, hulipa, hupokea hati yenye msimbo wa kuonyesha mlangoni. Kwa umbo, hii ni tiketi. Hakuna anayeketi kupima kama ainunue au asiinunue, kwa hiyo matini haihangaiki kumshawishi mtu. Nadhani kuna unyoofu fulani katika hilo: inajitambulisha kuwa sharti la kuingia, na lililobaki mgeni atalitafuta mwenyewe.

Bima yenye umbo la tiketi si jambo la leo. Mwaka 1849, London, Railway Passengers Assurance Company ilianza kuwauzia abiria bima kwenye madirisha ya stesheni. Wa daraja la kwanza alilipa peni 3, na akifa kwenye ajali ya treni warithi wake walipata pauni 1,000. Wa daraja la tatu alilipa peni 1 kwa pauni 200. Mtu aweza kusimama hapo akakasirika kuona roho za watu zimepangiwa bei kwa daraja la behewa, na ana haki. Lakini kama matini, ile tiketi inanivutia. Ilikuwa na hatari moja, safari moja, malipo ambayo hata mtoto angeyaelewa. Ufupi wake ulitoshana na ahadi yake.

Ufupi wa siku hizi ni wa namna nyingine. Kila msikilizaji wa redio nchini Tanzania analijua fungu la maneno linalosomwa mwishoni mwa tangazo kwa kasi ya mtu anayekimbizwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Kasi hiyo nayo ni fani. Sauti iliyotaja fidia kwa utulivu na muziki laini ndiyo hiyohiyo inayoparamia masharti kama anayevuka moto. Na tazama sarufi yake: "kuzingatiwa" ni kutendwa bila mtenda. Na nani? Lini? Tangazo linaishia hapo, na jibu limo kwenye kijitabu.

Kijitabu chenyewe, ambacho mara nyingi hufika kwa baruapepe mtu akishalipa, kina muundo unaofanana karibu kwa kampuni zote. Mbele kuna jedwali la mafao, halafu ufafanuzi wa maneno, halafu sura za mafao moja moja, halafu yale ambayo bima haiyagusi, halafu masharti ya jumla, na mwisho namna ya kudai. Jedwali limejaa tarakimu na halina vitenzi. Kurasa za nyuma zimejaa vitenzi na tarakimu ni haba. Kilichouzwa kiko mbele, kitakachoamua dai kiko nyuma. Mnunuzi mzoefu wa samaki hufunua matamvua kabla ya kuuliza bei; kijitabu hiki nacho kifunguliwe kuanzia nyuma.

Sura ya ufafanuzi ndiyo tajiri kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Humo ndimo wahusika wanamoumbwa. Chukua "jamaa wa karibu". Orodha ya kawaida ina mume au mke, wazazi, wakwe, watoto, ndugu wa kuzaliwa, pengine babu na bibi. Hao ndio ambao wakifariki au wakiugua mahututi, sura ya kuvunja safari itakurudishia nauli na pesa za hoteli. Mama mdogo aliyekulea tangu mama yako afariki hayumo. Baba mkubwa, ambaye bila yeye posa yako isingepokelewa, hayumo. Binamu mliyelala kitanda kimoja hadi darasa la saba hayumo. Na kwetu msiba ndio unaovunja safari, kuliko mgomo wa marubani na kuliko theluji. Mtu wa Tanga au wa Kisumu anaahirisha safari ya Dubai kwa sababu ya shangazi, wala hakuna jirani atakayemshangaa. Wa kumshangaa ni mkagua madai peke yake.

Sidhani aliyeandika orodha alikuwa na nia mbaya. Kichwani mwake kulikuwa na familia ya watu wanne mezani, akaiandika hiyo. Baadhi ya vijitabu huongeza "mlezi wa kisheria", na hapo neno "kisheria" linamtoa nje yule yule aliyekuwa anakaribia kuingia, maana walezi wetu wengi hawana karatasi ya mahakama. Kama sababu kubwa inayokusukuma kukata bima ni hofu ya kuvunja safari, isome orodha hii ukiwataja watu wako kwa majina. Ikiwa nusu yao hawamo, umeshapata jibu kuhusu sehemu hiyo ya bima, hata kabla ya kuangalia ada.

Halafu kuna suala la nafsi. Vijitabu vya mtindo wa kisasa husema "sisi" na "wewe", kama watu wawili waliokaa barazani. Inafaa kufuatilia "sisi" huyu anafika wapi. Katika vijitabu dhaifu anaonekana sana wakati wa kutoa: tutakulipa, tutakusaidia, tutakurudisha nyumbani. Zikifika kurasa za kukataa anatoweka, na vitenzi vinavaa kauli ya kutendwa: dai halitakubaliwa, malipo hayatafanyika. Mtoaji ana uso, mnyimaji hana. Kijitabu kinachothubutu kuandika "hatutalipa" kwa nafsi ileile na kwa herufi zenye ukubwa uleule, mimi hukiamini zaidi.

Na kuna mahali pamoja ambapo msimulizi anabadilika kabisa. Kwenye fomu ya maombi, anayesema si kampuni tena: nathibitisha kwamba maelezo niliyotoa ni ya kweli na kamili. Nafsi ya kwanza, umoja. Kwa sentensi moja na tiki moja, msafiri amekuwa mwandishi mwenza wa mkataba. Sheria ya bima tuliyoirithi kwa Waingereza husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa. Anayeomba anapaswa kutaja mambo yote mazito yanayoweza kumfanya mwenye kampuni akubali, akatae, au apandishe ada. Presha, sukari, pumu, ujauzito wenye matatizo, upasuaji wa mwaka jana. Mtu aliyeweka tiki yake kwa haraka kwenye simu, akiwa foleni ya benki, ameandika ukurasa dhaifu kuliko zote katika kitabu kizima, na ni ukurasa ambao mkagua madai ataufungua kwanza.

Kwa nini hati hizi zina lugha nzito hivyo, zimejaa takriri na visawe vilivyopangwa kama matofali? Jibu mojawapo ni kwamba mwandishi wake anamwogopa msomaji. Kuna kanuni ya zamani mahakamani kwamba utata wa maneno hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo mwandishi hamwandikii mteja, anaziba nyufa mbele ya jaji. Majaji wenyewe hawakufurahishwa. Mwaka 1791 jaji Buller wa Uingereza alisema bila kificho kwamba mahakama zimeiona hati ya bima siku zote kuwa maandishi ya kipuuzi yasiyoshikamana. Aliyekuwa akimlenga ni babu wa bima zetu za safari: fomu ya bima ya meli iliyokubaliwa Lloyd's ya London mwaka 1779, ikawekwa kwenye jedwali la Sheria ya Bima ya Bahari ya 1906, ikaendelea kutumika hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Fomu hiyo inaorodhesha hatari kama mtu anayehesabu kwa pumzi moja: bahari, manowari, moto, maadui, maharamia, wezi, kukamatwa na wafalme na watu wa kila taifa. Mwishoni kuna mkia unaoongeza hatari nyingine zote. Msomaji wa kawaida hupumua hapo, akidhani mlango umeachwa wazi. Haukuachwa. Sheria hiyo ya 1906 inaeleza kwamba "nyingine zote" ni zile tu za jamii moja na zilizotajwa.

Umbo hilo, orodha na mkia, bado linaishi katika sura ya kuvunja na kuchelewa kwa safari. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilirusha majivu, na anga la sehemu kubwa ya Ulaya likafungwa kwa takribani siku sita. Kenya iliisikia vizuri: maua yaliyokwisha kukatwa yalikwama Nairobi bila ndege ya kuyapeleka. Wasafiri wa Uingereza walipofungua vijitabu vyao walikuta orodha inayotaja mgomo, hitilafu ya ndege, hali mbaya ya hewa. Je, majivu ya volkano ni hali ya hewa? Kampuni nyingine zilisema ndiyo, nyingine zilisema siyo, na watu wawili waliolala sakafu moja ya uwanja wa ndege walitoka na majibu tofauti. Jambo lenyewe lilikuwa moja, chini ya anga moja. Kilichotofautiana ni orodha.

Njeo nayo ina kesi yake. Bima hushughulika na -ta-, haishughuliki na -me-. Kilichokwisha kujulikana hakikatiwi bima. Mwishoni mwa Januari 2020 kampuni nyingi zilianza kutangaza kwamba virusi vya korona vimekuwa tukio linalojulikana, na kwamba atakayekata bima baada ya tarehe fulani hatalipwa kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa ni janga la dunia nzima tarehe 11 Machi. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na wasafiri waliodhani bado wako katika wakati ujao ilhali kijitabu kilishawahamishia katika wakati uliopita. Vijitabu vingine havikusubiri hata hilo, viliondoa majanga ya maambukizi moja kwa moja. Somo la kisarufi kwa mnunuzi ni la kawaida kabisa: bima ya kuvunja safari ina nguvu zaidi ikikatwa mapema, siku moja na tiketi, kuliko usiku wa kufunga sanduku.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote kinahusu milima. Katika vijitabu vingi, kwenye orodha ya michezo isiyogharamiwa, utakuta kupanda mlima ambako kwa kawaida huhitaji kamba au waongozaji. Soma pole. Aliyekiandika, nadhani, alikuwa akiiwaza miamba ya Alps, mahali ambapo kamba na mwongozaji huenda pamoja. Sasa kilete Kilimanjaro. Njia za kawaida za kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, hazihitaji kamba. Ni kutembea, kwa uchovu na baridi. Ila Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro haimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kiunganishi "au" kinatosha. Mpandaji hana kamba, lakini mwongozaji anaye, kwa amri ya hifadhi, na kwa usomaji wa kifungu neno kwa neno mlima mzima umetoka ndani ya bima. Ingekuwa "na", angebaki ndani. Wakili wake atasema kifungu kililenga upandaji wa kitaalamu, na kanuni ya utata itamsaidia, lakini hayo ni mabishano ya baada ya ajali, si ya mgonjwa aliyejaa maji mapafuni akingoja helikopta. Vijitabu vingine huweka kikomo cha urefu kwa mita, na huo walau ni uandishi mnyoofu: tarakimu ama inafika 5,895 ama haifiki.

Nitapita haraka kwenye takaful, bima inayofuata sharia ya Kiislamu, inayouzwa Kenya na sasa Tanzania pia. Kwa mhakiki jambo lake ni kwamba "sisi" inabadilika maana. Ada ni mchango katika mfuko wa pamoja, na kampuni ni msimamizi wa mfuko huo. Kwa hiyo anayesema "tutakulipa" ni wachangiaji, nawe ukiwamo. Ni badiliko kubwa la fani. Lakini orodha ya jamaa na kifungu cha kamba huweza kuwa vilevile, na anayekwenda Hija asifikiri kwamba nafsi ikibadilika basi na vifungu vimelainika.

Je, ukate au usikate? Kwa basi la Dar es Salaam kwenda Nairobi nisingekata bima ya mizigo. Sehemu ya hasara anayoachiwa mteja hula thamani ya begi la kawaida, na sharti la kutouacha mzigo bila uangalizi halimjui kondakta anayelitupa begi kwenye buti Chalinze. Safari za nyikani ni jambo jingine. Kinachoua huko ni umbali, kwa hiyo ningetafuta hati fupi yenye ahadi moja, ya kutolewa kwa ndege. Amref, shirika lililoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari warukao, lina mpango wa uanachama wa namna hiyo, na kwa umbo unafanana na ile tiketi ya reli: hatari moja, jibu moja.

Safari ninayoona haina mjadala ni ya mzazi mwenye umri anayekwenda Marekani kuwaona watoto na wajukuu. Bili ya hospitali moja huko inaweza kuuza shamba. Lakini hapo ndipo fani inapopaswa kusomwa kwa miwani. Kuna bima za wageni zinazolipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma, hata bili iwe kubwa mara kumi, na kuna zinazolipa gharama halisi mpaka ukomo uliotajwa baada ya mteja kubeba sehemu yake ya kwanza. Majedwali ya mbele huweza kuonyesha tarakimu kubwa ileile kwa zote mbili. Nyingi huondoa magonjwa yaliyokuwepo kabla, kisha hurudisha kidogo kwa jina la mlipuko wa ghafla wa ugonjwa wa zamani: uwe wa ghafla, bila dalili za kutangulia, na matibabu yaanze ndani ya saa 24. Kila sharti ni kichujio, na vyote vitatu vinamsubiri bibi wa miaka 68 anayeona kizunguzungu Jumamosi usiku na, kwa kutotaka kuwasumbua watoto, anangoja Jumatatu. Bima hiyo ningeilipia, ila baada ya kampuni kunijibu kwa maandishi kama presha anayoimezea dawa kila asubuhi inaingia katika sentensi hiyo au inatoka, na baada ya kumwambia bibi mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, kwamba kizunguzungu hakingoji Jumatatu.